Koti la Mpiga Tarumbeta

Tarehe 2 Machi

Mume wangu, Baba Kifungo,

Shuleni tulifundishwa barua ianze kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako. Basi mimi mzima, Kifungo mzima, cherehani nayo nzima isipokuwa mkanda umelegea, na hofu kweli ni kwako, maana wiki tatu hujaandika. Nikikuwaza nakuona kwenye kile chumba chako cha kupanga unatoa zile sauti zako za tarumbeta, na mwenye nyumba anagonga ukuta kwa mpini wa fagio.

Mwanao ameota jino la juu la mbele. Sasa anauma kila kinachokaa kimya. Ameuma tepu yangu ya kupimia, hapo kwenye arobaini hapasomeki tena, na wateja wenye kiuno cha arobaini nawakadiria kwa macho.

Mama yangu bado yuko hapa, ananishikia mtoto nikiwa na kazi. Jana alianza tena: "Mwenzio alikuwa na kazi kwenye bendi ya hoteli, sare nyeupe, chakula bure, akaiacha." Nikamwambia, mama, hakuiacha, aliachishwa. Bibi harusi anaingia ukumbini, watu wamesimama, mume wangu akampigia sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Kaka naye alipita. Ile nafasi ya karani kwenye ghala lake la saruji anakushikia mpaka mwisho wa Aprili, zaidi ya hapo hawezi. Nimemkumbusha vile tulivyokubaliana wote watatu: onyesho la tarehe 12 Aprili likifana, unabaki na tarumbeta yako na hakuna atakayesema neno. Lisipofana, unarudi, unaiuza, unaingia ghalani. Nilisema kwa sauti, kama mtu aliyekubali. Moyoni sijui. Ulipokuwa bendi ya shule ulikuwa unapiga kama wengine wote na mimi sikukuona. Nilikuona siku ile ulipoweka tarumbeta kwenye ndoo ya maji ukapuliza, na watoto wote wa mtaa wakanyamaza.

Kuna kitu nakuandalia. Usiulize.

Wako,
Mama Kifungo

*

Tarehe 15 Machi

Mama Kifungo,

Nisamehe kwa kimya. Niko salama, mazoezi yanaendelea. Bibi wa Kinanda, mkuu wetu, ni mkali lakini hana hila. Twiga, yule mrefu wa besi, ndiye anayetuchekesha. Mpiga dramu tunamwita Kimya, utajua mwenyewe kwa nini. Watu wanne, na hakuna hata mmoja anayepiga wimbo ambao mtu anaweza kuuimba akifua nguo. Lakini siku ya onyesho watakuja watu wa redio, na bwana mmoja anayetoa sahani za santuri. Kila mmoja wetu anatoa kazi yake moja. Yangu ndiyo ndefu kuliko zote, nusu nzima ya kwanza.

Ndiyo maana nakuandikia. Ule mchoro wangu wa muziki niliouacha nyumbani, ule wa miduara na mistari ninaoufuata badala ya noti, niliouchora mwaka mzima pale sakafuni. Nilidhani nimeuweka kichwani, kumbe kichwani nina vipande tu. Uko chini ya kitanda, upande wangu. Karatasi ya kahawia, imekunjwa bomba, imefungwa uzi wa buluu. Tafadhali nitumie kwa posta, usimpe mtu. Bila huo sina cha kupiga.

Siku hizi napiga kidogo. Ni kupumzika tu. Nakula vitu laini laini, tumbo halijatulia. Usijali.

Nitumie picha ya Kifungo akicheka. Nataka kuliona hilo jino.

Mumeo

*

Tarehe 22 Machi

Baba Kifungo mpenzi,

Nimeupeleka! Leo asubuhi, kwa mikono yangu. Barua yako ilinikuta nina nguo tatu za shule za kumaliza, Kifungo analia na ufizi, mama anasema posta wanafunga saa sita, nenda, nenda. Nikaingia chini ya kitanda nusu mwili, nikavuta karatasi ya kahawia yenye uzi wa buluu, nikaitia kwenye gunia la nailoni, nikashona mdomo wa gunia papo hapo kwa mkono huku natembea. Karani wa posta aliuliza ndani mna nini. Nikamwambia muziki. Akautikisa. Akasema, "Mbona hausikiki?" Nikamwambia unamsubiri mwenyewe.

Sikuufungua. Najua hupendi uangaliwe kabla ya wakati.

Kula kitu kigumu kidogo, mkate tu hautoshi. Onyesho linataka nguvu.

Picha imo humu. Jino liko upande wa kushoto wako unaotazama, lile jeupe dogo kama punje. Usidhani ni vumbi.

Mama Kifungo

*

Tarehe 2 Aprili

Shemeji yangu ambaye hatujaonana,

Mimi ndiye Twiga, mpiga besi. Mumeo amenikataza nisikuandikie, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza, hajafa na hana mwanamke. Hayo mawili nayasema mapema ili usome mengine ukiwa umekaa.

Mwezi uliopita tarehe kumi tulikuwa tunapandisha kinanda ngazi za ukumbi wa mazoezi. Mimi juu, Kimya katikati, yeye chini kwa kuwa ndiye mwenye mabega. Kamba ikateleza. Kinanda hakikuanguka, aliking'ang'ania, lakini kona ilimpiga mdomoni. Jino la juu la mbele likatoka lote. Mdomo ukashonwa nyuzi tatu. Bibi wa Kinanda alilia, na sikujua kwamba yule mama ana machozi.

Shemeji, sisi wa besi tunapiga kwa vidole, hata bila meno tunakula mshahara. Lakini mpiga tarumbeta anaegemeza chuma chake kwenye mdomo, na mdomo unaegemea meno. Tangu siku ile sauti za juu zimekataa. Anapanda, anafika katikati, inatoka pumzi tupu. Hakukuambia kwa sababu anasema utamwambia kaka yako, au hutamwambia na utabeba peke yako, na yote mawili hayataki.

Alikuwa anausubiri mchoro wake aone kama anaweza kuushusha chini. Ulifika jana. Aliufungua peke yake pembeni. Mimi nilichungulia, nina shingo ya kazi hiyo. Sikuona ile miduara anayoisemaga kila siku. Niliona kama mtu amelala chali bila kichwa. Mumeo aliangalia muda mrefu, akakunja, akavaa viatu, akatoka. Mpaka sasa tunazungumza naye, hajibu.

Sijui umemwandikia nini humo. Kama ni ugomvi wa nyumbani, mimi sina la kusema. Ila kama kuna neno zuri ulilisahau, lilete haraka.

Shemeji yako,
Twiga

*

Tarehe 9 Aprili

Mume wangu,

Barua ya Twiga nimeipata leo saa nne. Nilipofika kwenye "mtu amelala chali bila kichwa" niliiacha chini, nikaingia chini ya kitanda mwili mzima safari hii. Kule mwisho, ukutani kabisa, kuna bomba la karatasi lenye uzi wa buluu. Nimelifungua. Miduara. Mistari myekundu. Lile doa la chai la mwaka jana.

Wako uko hapa. Mimi nimekutumia koti.

Sasa nakuambia kile nilichosema usiulize. Nilitaka siku ya onyesho uvae koti jipya, lililokatwa kwa mwili wako, siyo lile la mtumba linalokupwaya kiunoni. Nikachora vipande vyote kabla ya kugusa kitambaa: mbele, mgongo, mkono. Unajua sisi karatasi tunanunua moja, bunda moja kubwa, wewe unakata nusu yako ya muziki na mimi nusu yangu ya nguo. Uzi nao ni wangu ule ule. Nikalificha chini ya kitanda ili usilione ukija ghafla. Yaani nimekuficha wewe, nikajificha na mimi mwenyewe.

Nimeketi hapa na mkasi mkononi, sijui nakata nini. Leo ni Jumatano, onyesho ni Jumamosi. Posta ni wiki nzima. Barua hii utaisoma mambo yameshakwisha. Na bado naandika kwa sababu nikinyamaza nitapiga kelele, na Kifungo amelala.

Kinachoniuma siyo mchoro. Ni kwamba najua ulichofikiri. Umepungukiwa jino, mdomo umeshonwa, unasubiri muziki wako, unafungua, unakuta koti. Umefikiri nakuambia basi, imetosha, hili ni koti la karani, rudi ulivae ghalani. Umefikiri mama na kaka wamenishinda.

Hawajanishinda. Mama mwenyewe nimemsomea barua ya Twiga, akauliza, "Sasa anatafunaje?" Hajataja ghala tangu asubuhi.

Mume wangu, rudi kama unataka kurudi. Njoo na pengo lako. Kifungo ana meno mawili sasa, atakuazima. Lakini usirudi kwa sababu ya karatasi yangu. Ile karatasi haikusema hivyo.

Na ungeniambia. Ungeniambia tu. Mimi nimezaa ndani ya chumba hiki taa zikiwa zimekatika, jino lingenishinda?

Mkeo

*

Tarehe 13 Aprili

Mama Kifungo wangu,

Leo Jumapili, naandikia mezani kwa Bibi wa Kinanda. Amenipa karatasi yake nzuri, amenipa na chai, vitu ambavyo Twiga anasema hajawahi kuona tangu azaliwe.

Naanza na lililo baya ili limalizike. Tangu tarehe kumi Machi sina jino la mbele. Nilikudanganya, tumbo langu lilikuwa zima kabisa. Sauti za juu zote zilikwenda na jino.

Karatasi yako ilipofika nilijua kwenye kipande cha kwanza kwamba ni koti. Nimelala miaka minne pembeni ya cherehani yako, kipande cha mbele cha koti nakijua. Na nilijua ni langu, vipimo vyangu ulivyoviandika pembeni navikumbuka, ulivipima ukiwa na pini mdomoni. Nikasema moyoni: amenijibu. Mimi nimeomba muziki, yeye amenipa vazi la kwenda kazini. Sikukasirika. Niliona una haki. Nani anaolewa na mpiga tarumbeta asiye na jino?

Nilikaa na karatasi hiyo siku tatu. Siku ya nne asubuhi nikachukua begi, tarumbeta, na lile bomba, nikaenda kituo cha mabasi kukata tiketi ya kuja nyumbani. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye ndoo mbili, nikafungua karatasi nijikinge kichwa. Mwanga ukapita ndani yake. Nikaona maandishi yako ya penseli, yale madogo ambayo ndani ya chumba sikuyaona.

Kwenye bega la kulia: "lishuke vidole viwili, upande huu ndio anaobebea." Kwenye mkono, hapo kwenye kiwiko: "acha nafasi kubwa, anainua juu na kukaa muda." Kwenye kwapa: "usibane, anavuta pumzi nyingi."

Nikasimama hapo. Mtu wa ghalani hainui kiwiko akakaa muda. Mtu wa ghalani havuti pumzi nyingi, kule kuna saruji. Hili halikuwa koti la karani. Uliniona nimesimama jukwaani, ukamkatia mtu huyo.

Yule mama wa ndoo akageuka akaniambia, "Baba, sogea au toka, usitulilie kwenye foleni." Nikatoka.

Nilirudi mbio. Nikaitundika karatasi yako ukutani kwenye ukumbi wa mazoezi, ukuta mzima. Nikawaambia, hii ndiyo kazi yangu. Bibi wa Kinanda akavaa miwani. Akasema, "Hii ni nguo." Nikasema ndiyo. Akasema, "Inaanzia wapi?" Nikasema kwenye pindo, chini, polepole, tunapanda na mgongo. Kimya, ambaye hajawahi kuuliza kitu tangu tujuane, akauliza: "Na hapa pasipo na kitu?" Nikamwambia hapo ndipo mwili unapoingia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Mchoro wangu wa zamani ulikuwa umejaa sauti za juu, Mama Kifungo. Mwaka mzima nilikuwa nachora kelele. Kwa mdomo huu nisingeweza hata mstari mmoja. Wako una mistari mirefu inayokwenda taratibu, inapinda begani, inashuka mkononi, na nafasi tupu kila mahali. Sauti za chini ninazo. Pumzi ninayo. Na pengo lina sauti yake, kama mtu anayenong'ona kupitia pazia, sikuwahi kuijua.

Jana ukumbi ulijaa nusu. Mstari wa kwanza watu wawili walicheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Tarumbeta imeziba?" Twiga akamjibu hapo hapo huku anapiga, "Subiri, inavaa!" Watu wakacheka, kicheko kizuri, halafu wakatulia. Tulipofika kwenye kiwiko niliinua, nikakaa muda, kama ulivyoandika. Hakuna aliyekohoa. Nimepiga tarumbeta tangu nina miaka kumi na mbili, sijawahi kusikia watu wanasikiliza.

Yule bwana wa santuri alinifuata nyuma ya jukwaa. Aliuliza ni nani amenifundisha kuacha nafasi. Anataka tuirekodi mwezi ujao, na Bibi wa Kinanda amesema nafasi yangu kwenye kikundi haina mjadala tena. Mwambie kaka asante, kwa moyo wangu wote, ampe mwingine ile nafasi ya karani. Na kuna daktari wa meno atakayeniwekea jino la bandia. Bado nafikiria.

Tatizo ni moja tu: hatujui mwisho. Tulipiga mgongo, mbele, mkono, tukafika begani na karatasi ikaisha. Jana Kimya aliacha tu kupiga, sisi tukamfuata kama kondoo. Bwana wa santuri anasema kwenye sahani lazima pawe na mwisho.

Nilikuwa nataka kukuuliza kwa nini ulinitumia lile badala ya mchoro wangu. Halafu nikaona nisiulize. Ulijua kuliko mimi.

Mumeo

*

Tarehe 22 Aprili

Baba Kifungo,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimesoma tena kwa sauti kwa mama, na pale kwenye foleni mama akaingia jikoni kufanya kazi ambayo haikuwepo.

Sikujua kuliko wewe. Sikujua lolote! Kwa sasa umeshapata barua yangu ya tarehe tisa na unajua kwamba mkeo alivuta bomba lisilo lake kwa sababu posta wanafunga saa sita. Usimwambie bwana wa santuri. Au mwambie, sijali, siku mbili hizi natembea na kucheka peke yangu, wateja wanadhani nimepewa habari ya mimba. Siyo, tulia.

Kaka nimemwambia. Alikuna kidevu, akasema, "Kwa hiyo amepiga koti." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na watu wakalipa kuingia." Nikasema ndiyo. Akaenda zake. Jioni akarudi na kitambaa, mita tatu, cheusi kizito, siyo cha bei ya chini, ninavijua vitambaa. Akasema kama mtu anapigiwa makofi basi avae vizuri.

Kwa hiyo koti nimeshalikata. Unajiuliza nimekataje wakati karatasi iko ukutani kwenu? Nimekata bila karatasi. Nililaza kitambaa sakafuni pale unapochoraga, nikafumba macho kidogo, nikakata. Bega la kulia nimelishusha vidole viwili. Kifungo alikaa pembeni akishika pini bila mimi kumwona, nikamnyang'anya, akanionyesha meno yote matatu kwa hasira.

La jino la bandia sikuamulii. Ila usiliweke kabla sijaisikia hiyo sauti ya kunong'ona. Nimefika darasa la saba tu na muziki wako sijawahi kujua unaitwaje, lakini mtu amekatiwa nguo na mimi, nina haki ya kusikia inavyomkaa. Mwezi ujao tunakuja, mimi na mwanao. Mama anasema anabaki, halafu ameuliza mara mbili basi linaondoka saa ngapi.

Na sasa la mwisho. Mlikuwa mnashangaa bure. Karatasi iliniishia nilipofika begani, ile nusu yangu ilikuwa imekwisha. Kipande kilichobaki nilikichora kwenye kipande kingine kidogo, nikakitia ndani ya kopo la vifungo. Ni kola.

Nimekiweka humu ndani ya bahasha, kitundikeni juu ya yale mengine. Maandishi ni madogo, kiweke kwenye mwanga. Nilichora mwezi wa pili, sijabadilisha kitu:

"Hapa usifunge. Acha wazi, koo lipumue."

Mkeo,
Mama Kifungo